Binti yangu anashinda juu ya mkuyu akitazama wanyama, baba yake anataka kuukata

Mama Mshauri, shikamoo.

Naandika nikiwa sijui nimshike nani, mume wangu au mwanangu. Tuna binti wa miaka 9. Nyuma ya nyumba yetu kuna mkuyu wa siku nyingi sana. Wazee tuliowakuta hapa wanasema nao waliukuta mkubwa hivyo hivyo. Shina lake watu wazima wawili hawalizungushi mikono, na matawi ya chini yametanda karibu kabisa na ardhi, mtoto anapanda bila ngazi. Binti yangu ameufanya mti huo kwake. Akirudi shule anavua sare, anakula, anamaliza kazi zake mbio mbio, kisha haonekani. Ukimtafuta utamkuta kwenye panda ya pili, mgongo ameuegemeza shinani, daftari mapajani, penseli kaifunga kwa uzi shingoni.

Kazi yake huko ni kutazama tu. Ndege, tumbili, vinyonga, hata wadudu. Siku moja akiwa shule nilifungua daftari lake. Ukurasa mmoja kaandika: "Tumbili mwenye mkia mfupi amekuja na mtoto. Mtoto bado anashika tumbo la mama." Mwingine: "Ndege wa manjano amebomoa nyumba yake yote. Kwa nini? Ilikuwa nzuri." Pengine kachora kuyu lililopasuliwa, ndani kaweka vijidudu, pembeni kauliza: "Wanaishi humu?" Na huyu ndiye mtoto ambaye mwalimu wake analalamika kwamba insha zake hazivuki mistari mitatu.

Balaa lilianza jioni moja mwezi uliopita. Giza liliingia hajarudi ndani. Tuliita, tukazunguka kwa majirani, mimi nikaanza kulia. Kumbe yuko juu ya mti, anatusikia, na haitiki. Aliposhuka alisema, "Mama, komba alikuwa anatoka kwenye tundu. Ningeitika angerudi ndani." Baba yake hakumpiga, lakini alikasirika kwa namna ambayo sijawahi kumwona. Tangu hapo amempiga marufuku kupanda, na anasema atamleta mtu wa msumeno akate matawi yote ya chini. Ikibidi mti wote uondoke. Nami siwezi kusema hana hoja. Mti una tundu kubwa upande mmoja, anasema umeshaoza. Kuna nyoka aliwahi kuonekana juu yake. Na mtoto akianguka tutafanya nini? Wifi yangu naye anachochea: mtoto anayependa wanyama kuliko watoto wenzake ana tatizo, samaki mkunje angali mbichi.

Sasa binti amenyamaza. Chakula anachezea tu, daftari halishiki. Jana nimemkuta amesimama dirishani anautazama mti, hata nilipoingia hakugeuka.

Nisaidie, mama. Ni sawa mtoto kushinda mtini na wanyama? Hatari yake ni kubwa kiasi gani? Na nimwambieje mume wangu bila kuonekana nampinga mbele ya mtoto?

Mama Aliye Katikati

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na jibu lenyewe ili usisome huku roho iko juu. Msiukate mti. Mtoto arudi juu, ila asirudi kama zamani: kuna mambo ya kukagua kwanza, kuna masharti atakayoyashika, na kuna kazi yenu wazazi ambayo naona bado haijaanza, nayo ni kukaa chini na kumsikiliza awaeleze anachokiona.

Nimeyasoma mara kadhaa yale maneno ya kwenye daftari. Mtoto wa miaka 9 aliyeandika "kwa nini? Ilikuwa nzuri" ameona jambo ambalo watu wazima wengi wanapita chini ya mti kila siku hawalioni. Ndege huyo wa manjano ni mnana. Dume ndiye anayejenga. Huchana majani mabichi membamba kwa mdomo, akayasuka mpaka kiota kikakamilika, kisha hujining'iniza chini yake akipigapiga mbawa ili jike aje kukagua. Jike akija huingia, huvutavuta nyuzi kwa ndani, na akiona hakifai huondoka. Majani yakishakauka na kupoteza ukijani, kiota hakina tena mvuto, basi dume hukifumua mwenyewe na kuanza kingine pale pale. Mweleze hivyo binti yako, halafu mwombe ahesabu ni viota vingapi vinafumuliwa kabla kimoja hakijakubaliwa. Utaona atakavyorudi kwenye daftari.

Na lile swali la kuyu. Ndiyo, wanaishi humo, na habari yao ni ndefu. Tunaliita kuyu tunda, lakini kwanza ni mfuko wa maua uliojifunga, maua yote yako ndani. Nyigu jike mdogo sana, wa milimita chache tu, hujipenyeza kwenye kitundu cha nchani. Njia ni nyembamba kiasi kwamba mbawa zake hukatika akiingia. Ndani hupaka maua chavua aliyotoka nayo kwenye mkuyu mwingine, hutaga mayai, kisha hufia humo humo. Watoto wa kiume hutangulia kuanguliwa, hawana mbawa wala hawatauona ulimwengu wa nje kwa muda. Hupandana na majike wangali kwenye vyumba vyao, hutoboa njia ya kutokea, maisha yao yakaishia hapo. Majike hukusanya chavua, hutokea kwenye njia ile, na kuruka kutafuta mkuyu wenye makuyu machanga. Bila nyigu huyo mkuyu haupati mbegu, na bila mkuyu nyigu hana pa kuzalia.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo ilipo sababu ya wanyama wote hao kuja nyuma ya nyumba yenu. Nyigu anaishi muda mfupi mno, kwa hiyo lazima siku zote pawe na mkuyu mahali fulani ambao makuyu yake yako tayari kumpokea. Ndiyo maana mikuyu haizai yote kwa msimu mmoja. Huu unazaa sasa, ule utazaa baadaye, na mmoja unaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wakati miti mingine haina kitu, tumbili, hondohondo, ninga na popo wanajua pa kwenda. Mume wako akileta msumeno, atakuwa ameondoa kitu ambacho wanyama wa eneo zima wanakitegemea wakati wa uhaba.

Kuna mtu nataka umjue kabla hujaamua lolote kuhusu ile jioni mliyomtafuta. Jane Goodall, mtafiti maarufu wa sokwe aliyezaliwa London mwaka 1934 na kufariki Oktoba 2025, alipokuwa na umri wa miaka minne au mitano alipotea kwa saa kadhaa, familia ikahangaika kumtafuta. Alikuwa amejificha kwenye banda la kuku kimya kabisa, kwa kuwa alitaka kuona yai linatokea wapi kwenye mwili wa kuku, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amemjibu vizuri. Mama yake, Vanne, alipomwona anakuja mbio, uso umewaka kwa furaha, hakumgombeza. Aliketi akasikiliza habari nzima ya yai. Alipokua kidogo, huko mji wa Bournemouth, Uingereza, nyumbani kwa bibi yake, alikuwa na mti mmoja bustanini alioupenda kuliko yote, aliupanda na vitabu vyake na kuusomea humo, akafikia kumwandikia bibi yake hati ya urithi ili mti uwe wake. Mwezi Julai 1960 alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuwachunguza sokwe. Wakuu wa wakati ule hawakukubali msichana akae porini bila mwenzake, na aliyekubali kufuatana naye alikuwa mama yule yule. Mwaka huo huo akaona sokwe akiingiza bua la jani kwenye kichuguu na kulitoa likiwa limejaa mchwa wa kula. Wataalamu walikuwa wakiamini kwamba anayetengeneza zana ni binadamu peke yake.

Sikuahidi kwamba binti yako atakuwa mtafiti. Anaweza kuwa nesi, fundi au hakimu, na macho hayo yatamfaa kote huko. Ninachotaka ukione ni kwamba Vanne alikutana na jioni kama yako, na hofu yake haikuwa ndogo kuliko yako.

Kuhusu wifi yako, mjibu kwa upole kwamba utachunguza, halafu uchunguze kweli, maana ndani ya maneno yake kuna swali moja la maana. Mtoto anapanda mti kwa sababu anavutwa na kilicho juu, au kwa sababu anakimbia kilicho chini? Je, shuleni ana rafiki hata mmoja anayecheka naye? Kabla ya marufuku alikuwa anakula na kulala vizuri? Kuna mtu mzima au mtoto mkubwa ambaye akija nyumbani yeye hutokomea? Muulize mkiwa wawili, mkiwa mnafanya kazi fulani ya mikono, bila kumkazia macho. Ikiwa kuna anayemwonea au kumgusa, hiyo ni habari nyingine kabisa na inatangulia mambo ya mti. Ikiwa hakuna, basi una mtoto mtulivu anayependa kutazama, naye hana ugonjwa. Hata macho yake yanafaidika kuwa nje: utafiti uliofanyika katika shule 12 za mji wa Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na katika shule ambazo hazikuongeza muda walikuwa asilimia 39.5.

Hata hivyo binti yako amekosa jambo moja, na hilo msilifumbie macho. Alisikia anaitwa, akasikia hata mama yake analia, na hakuitika. Kupanda mti si kosa, kumsubiri komba si kosa. Kunyamaza pale ndiko kosa, na aambiwe hivyo waziwazi ili asidhani ameadhibiwa kwa kupenda wanyama. Mpeni njia ya kujulikana alipo bila kupiga kelele. Awe na kitambaa cheupe. Akipanda anakifunga kwenye tawi la chini kabisa, mahali mnapopaona mkiwa ndani; akishuka anakifungua. Kitambaa kipo, mtoto yupo juu. Akiitwa mara moja anaweza kuinua mkono tu mkauona. Akiitwa mara ya pili anaitika kwa sauti, komba au hakuna komba. Jua likianza kuzama anashuka, isipokuwa kuna mzazi aliyeketi chini ya mti.

Sasa mti wenyewe, ambako naona mume wako ana haki ya kuuliza. Tundu kubwa peke yake si ushahidi kwamba mti umekwisha. Sehemu iliyo hai iko nje, chini ya gome. Katikati ni mbao zilizokufa zamani ambazo kazi yake ni kubeba uzito. Miti mingi mikongwe ina uwazi ndani na bado imesimama imara. Kinachotakiwa ni kujua ukuta uliobaki una unene gani na kama uozo unaendelea. Angalieni haya pamoja naye, mchana, bila haraka. Uyoga ulioota kwenye shina au kwenye mizizi ni dalili ya kuoza kwa ndani. Udongo ulioinuka au kupasuka upande mmoja wa shina, au mti ulioanza kuinama hivi karibuni, ni dalili mbaya zaidi, na hapo hakuna mtu kupanda mpaka mtaalamu wa miti aje. Ufa mpya kwenye panda, hasa pale anapokaa, vivyo hivyo. Halafu inueni macho mtazame matawi yaliyo juu ya kichwa chake. Lisilo na majani wakati mengine yanayo, lililobambuka gome, hilo litaanguka siku moja hata pasipo upepo. Mkikwaruza kijitawi cha mkuyu kilicho hai kwa ukucha mtaona ukijani na utomvu mweupe kama maziwa. Kikavu kitakuwa cha kahawia na hakitoi kitu.

Matawi makavu ndiyo ya mtu wa msumeno. Akate hayo na kuacha mengine. Kuhusu matawi ya chini mabichi, mwambie mume wako kwamba kuyaondoa hakumzuii mtoto aliyeshaujua mti. Atatafuta ndoo aipandishe juu ya ndoo, atatafuta kamba, atapitia ukutani, na hizo ndizo njia za kuvunjika shingo. Tawi la chini lililo nene ndilo ngazi salama kuliko zote alizonazo. Tena jeraha kubwa kwenye shina la mti mkongwe hufungua mlango wa uozo ule ule anaouogopa.

Sheria za kupanda ziwe chache, azijue kwa moyo. Anapanda mwenyewe, hakuna wa kumwinua. Mtoto anayehitaji kuinuliwa ili afike mahali hatajua kushuka kutoka hapo. Katika viungo vinne, mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimeshika au kukanyaga wakati wote. Anakanyaga karibu na shina, mahali tawi lilipo nene. Mbao za mkuyu ni nyepesi na laini, kwa hiyo tawi jembamba kuliko mguu wake si la kukanyaga. Mfunge utepe kwenye panda ya pili, na hapo ndipo mwisho. Mti ukiwa umelowa hapandi. Akisikia radi hata ya mbali anashuka na kuingia ndani, akae humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti ondoeni mawe, vyuma na vigingi.

Na ile penseli, mwanangu! Uzi shingoni uondoke leo. Mtoto akiteleza na uzi ukanasa kwenye kijitawi, tawi la chini kabisa linatosha kumnyonga. Hakuna uzi, mkufu, mtandio wala mkoba wa mkanda shingoni mwa mtoto anayepanda mti. Penseli ikae mfukoni au ifungwe kwenye daftari, na daftari likae kwenye mfuko mdogo mtakaouning'iniza mtini pale pale anapokaa.

Akianguka akagonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida, akachanganyikiwa au akalalamika kichwa kinazidi kuuma, hospitali mara moja, hata kama nje hakuna jeraha. Akisema shingo au mgongo unauma, asiinuliwe kiholela. Asubiri msaada hapo alipolala.

Wanyama wenyewe si wa kuogopwa, ila wana mipaka yao. Asiwape tumbili chakula hata siku moja. Tumbili aliyezoea kupewa huanza kudai, na akidai huuma. Asitie mkono kwenye tundu lolote, kwa kuwa tundu ni nyumba ya mtu: leo komba, kesho nyuki, keshokutwa nyoka. Nyuki wakihamia kwenye lile tundu, mti unafungwa mpaka waondoke. Popo aliyeanguka haguswi, wala kuyu lililomenywa na popo au tumbili haliliwi. Akiumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote mwenye manyoya, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Msisubiri kuona dalili. Zikishatokea ugonjwa huo karibu siku zote unaua. Kinda akikutwa chini, atazamwe kwanza. Mwenye manyoya anayerukaruka yuko mafunzoni na wazazi wake wako karibu, aachwe. Asiye na manyoya arudishwe kiotani kama mtu mzima anakifikia. Si kweli kwamba mama yake atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono.

Nyoka nimemweka mwisho kwa kuwa hapa binti yako ana walinzi ambao nyinyi hamna. Huko Amboseli, Kenya, watafiti walisikiliza tumbili tangu miaka ya 1960 wakagundua kwamba kilio cha tahadhari si kimoja. Kuna cha chui, kuna cha tai, kuna cha nyoka. Mwaka 1980 walichapisha matokeo ya jaribio zuri: waliwapigia tumbili sauti zilizorekodiwa, bila mnyama yeyote wa hatari kuwepo. Kwa kilio cha chui walikimbilia juu ya miti. Kwa cha tai walitazama angani au kuingia vichakani. Kwa cha nyoka walisimama kwa miguu ya nyuma wakachungulia nyasi. Watoto wa tumbili hawazaliwi na ujuzi huo wote. Mwanzoni hulia kilio cha tai hata kwa ndege asiye na madhara au jani linalodondoka, na kadiri wanavyokua wanazidi kupatia.

Basi mwagize binti yako ajifunze vilio hivyo na aviandike. Tumbili wakisimama wima wakikodolea macho majani upande mmoja wa shina, hashukii upande huo. Ndege wadogo wa aina mbalimbali wakikusanyika kwenye tawi moja na kupiga makelele, mara nyingi wamemgundua nyoka au bundi, naye asiende kuangalia. Akimwona nyoka mwenyewe, asimpige wala kumrushia kitu. Atulie, ampe njia, ashuke polepole upande wa pili na kuwaambia. Mtoto anayejua kusoma dalili hizi yuko salama mtini kuliko mtu mzima asiyejua kitu aliyesimama chini.

Shule nisiizungumzie sana. Mtoto anaandika, ila anaandika anapokuwa na la kusema. Mwalimu akionyeshwa kurasa mbili tatu ataelewa. Lakini omba ruhusa ya mwenyewe kwanza, na hapo hapo mwambie kwamba uliwahi kulifungua daftari lake bila kumwambia. Usizunguke. Atakuheshimu zaidi.

Tumebaki na baba yake. Usimwendee kumtetea mtoto, maana naye anamtetea mtoto yule yule. Mwanamume huyo jioni ile alidhani amempoteza binti yake, na hasira yake ilitoka huko. Mwambie umeiona hofu yake na kwamba ni ya haki. Kisha mpe kazi: ukaguzi wa mti uwe wake, achague yeye matawi makavu ya kuondoa, apime yeye utepe ufungwe wapi. Mkikubaliana masharti mkiwa wawili, chumbani kwenu, marufuku aiondoe yeye aliyeiweka, kwa kinywa chake, mtoto akisikia. Wewe kaa kimya siku hiyo. Mkikagua mkakuta mti kweli ni hatari, basi mtoto naye aambiwe ukweli huo kwa utulivu, atafutiwe mahali pa kutazamia chini, mbali na matawi, na mti uachiwe wanyama. Tundu kama hilo huchukua miaka mingi mno kupatikana. Hondohondo jike hujifungia kwenye tundu la namna hiyo kwa tope na kinyesi, akabakiza mwanya wa dume kumpitishia chakula, na hawezi kujichimbia tundu mwenyewe.

Nina ombi moja kwa baba. Jioni moja aende naye kumwangalia komba. Waketi chini ya mti kabla giza halijaingia, hatua kadhaa kutoka tunduni, wasihamehame. Wachukue tochi waifunike kwa kitambaa au karatasi nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu haumsumbui sana mnyama wa usiku, na wasimmulike machoni kwa muda mrefu. Watayaona macho yake yakiwaka kwanza, mwili baadaye. Huenda wakamwona akijikojolea viganjani na kujipangusa nyayoni, ndiyo tabia yake. Au mama akimhamisha mtoto kwa kumbeba mdomoni. Binti ndiye awe kiongozi, baba awe mgeni wake, amuulize maswali na kungoja majibu. Na wote wawili wavae nguo za mikono mirefu, saa hizo mbu ni wengi.